Mkebe wa Sukari

Jumamosi, Nyamityobora

Kelele nimezizoea katika kazi hii ya mazingaombwe. Leo pale shuleni Rubondo watoto walinipandia mpaka mezani. Nikapiga kengele, nikatishia kuondoka, wapi. Basi nikafanya upumbavu: nikauonyesha mkebe mtupu, nikaufunika kitambaa, nikamimina sukari. Sukari, wakati madukani haipatikani na hata sisi wa mjini tunakunywa chai bila hiyo.

Wote wakatimua mbio. Nikashukuru Mungu, nikadhani nimewachosha.

Wakarudi na vikombe na sufuria. Wakapanga mstari bila kuambiwa, kimya kabisa. Na mimi nilikuwa nimeficha vijiko viwili tu vya sukari, vyote nimeshavimwaga.

Nikawaambia ni mchezo. Nikawaonyesha hata kile kitako cha uongo ndani ya mkebe, nilichofichia sukari. Hakuna aliyeondoka. Msichana wa mbele akaniinulia kikombe chake. "Mzee, mimi nataka ya mama tu. Iko mgonjwa."

Nikafunga sanduku langu la vifaa, nikaondoka kama mwizi.

Mwalimu mkuu anataka nirudi Jumatano. Nitawatazamaje? Na mchezo mwingine wa kuwanyamazisha sina.

Nilipofika nyumbani niliufungua mkebe, nikainua kitako, nikachungulia kama kuna sukari. Mimi niliyeutengeneza kwa mikono yangu.