Wimbo wa Mwisho Umepatikana

Jumamosi. Jua la Dodoma, vumbi la Dodoma.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo feni ya studio ya Festo imezimwa rasmi. Ilikuwa inalia, na maiki zilikuwa zinaipenda kuliko zinavyonipenda mimi. Tumerekodi tumelowa jasho, watu saba katika chumba cha watatu.

Hii ni albamu yangu ya kwanza. Roki ya majaribio, ndivyo ninavyoiita. Mama yangu anasema ni geti lisilotiwa grisi. Gitaa nilijifundisha mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa.

Ulibaki wimbo wa mwisho tu, ule niliowaalikia Mama Neema na wenzake wanne, wapiga ngoma za muheme kutoka Chamwino. Leo ndiyo ilikuwa siku yao pekee. Jioni wanarudi, uwele unavunwa. Wakiondoka hatujarekodi, albamu haina mwisho.

Festo, fundi wetu wa mitambo, alitaka kila mama aingie peke yake, avae hedifoni, apige sehemu yake. Nyimbo nyingine zote tulizifanya hivyo. Mama Neema akavaa, akasikiliza gitaa langu, akaivua taratibu. Akauliza yeye akiita, nani anamjibu. Festo akamwonyesha kompyuta.

"Baba, huyu hajui Kigogo."

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akakalia spika.

Tukajaribu hivyohivyo. Bure. Mama mmoja akipiga kidogo ananyamaza, anamngoja mwenzake ambaye yuko nje anakula karanga. Asubuhi yote ikaishia hapo. Nilikuwa nimealika kundi, halafu nawapokea mmojammoja kama wagonjwa.

Mchana nikamwambia Festo tuingie wote. Akasema sauti zitaingiliana. Nikasema ziingiliane.

Zikaingiliana.

Akina mama wakasimama, ngoma wamezibana mapajani. Mama Neema akaita, wanne wakajibu, na gitaa langu likajipenyeza kama mtu aliyechelewa ibada, likapata pa kukaa. Halafu waya wa gitaa ukakatika. Nikanyoosha mkono tuanze upya. Mama Neema hakuacha kupiga. Akanielekezea kidevu, kwenye viganja vyangu. Kwao asiye na ngoma anapiga makofi, hakuna mtazamaji. Nikaweka gitaa chini, nikapiga makofi palepale mbele ya maiki yangu, mpaka mwisho.

Alipomaliza akajifuta jasho kwa kitenge.

"Sasa umeimba na sisi, mwanangu."

Wameondoka na jua. Wimbo nimeurudia mpaka Festo akaniuliza kama sina kwetu. Ni mzuri kuliko nyingine zote, na sikuwahi kufikiria kwamba kitu cha namna hii kingetoka na jina langu juu yake. Najivuna. Naandika waziwazi, atakayeona vibaya afunge ukurasa.

Kuhusu makofi yangu, Festo anasema yalikuwa yanachelewa.

Ameyafuta.