Mfupa Ambao Mama Aliutambua

Mjukuu wangu Atieno,

Nakusalimu kutoka hapa Magunga. Sisi ni wazima. Mjomba wako amevuna mahindi, na goti langu limetulia kidogo.

Umeniuliza kama kazi yenu ya kutambua mifupa ya zamani ni ya nani inamsaidia mtu yeyote, maana jamaa wengi walishakata tamaa. Wacha nikuambie ya mama yangu.

Nilipokuwa msichana, baba alienda Osiri kuchimba dhahabu, asirudi. Miaka ikapita. Wazee wakataka tuzike tunda la mti wa yago badala ya mwili wake, kama desturi yetu inavyoruhusu. Mama alikataa. "Kweli nililie tunda?" aliwauliza.

Baadaye wachimbaji walikuta mifupa katika shimo lililoporomoka. Polisi wakaita familia ambazo watu wao walipotea, nami nikamsindikiza mama. Alipiga magoti, akashika mfupa wa mguu uliounga ukiwa umepinda. Baba aliwahi kuvunjika mguu alipoanguka na baiskeli, na mama ndiye aliyeufunga kwa vijiti.

"Ni yeye," alisema. "Huu mguu niliufunga mimi."

Nilidhani ataanguka. Badala yake alifungua leso yake kiunoni, akamfunika baba.

Siku ya mazishi majirani walimpa pole, naye akawajibu, "Asanteni. Miaka hii yote sikuwa mke wala mjane. Leo mnajua mniite nani."

Hilo ndilo jibu nililo nalo, Atieno. Kula vizuri huko Nairobi.

Mimi dani yako,
Anyango