Bunduki ya Kaka

Wifi yangu mpenzi,

Hujambo? Mgongo umepoa? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe.

Jana ile bunduki ya lindo ya mumeo ililetwa hapa maabara. Kupima silaha ndiyo kazi yangu, lakini ya ndugu hatugusi, basi nilikaa koridoni nikisali. Mwenzangu akapima tundu la mtutu, akarudia, kisha akachungulia mlangoni.

"Dada, mwache Mungu apumzike, ameshajibu! Risasi iliyomuua yule tajiri ni nene. Humu haipiti hata ukiigonga kwa nyundo."

Nililia, nikacheka. Kaka hakuua, wifi! Ripoti imeshafika polisi, wanamwachia kesho. Akishaingia mlangoni, tafadhali niandikie upesi, hata mstari mmoja.

Ni mimi wifi yako.