Tuta la Kushoto

Kwako Mama Masanja, mke wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu kwa heshima ileile niliyokuwa nayo nilipofika kwa baba yako kule Shishiyu kukuposa, na ninakuomba radhi kwa kuchelewa kukuandikia. Tangu tukuzike, pamba imepandwa, imepasuka, imevunwa, nami sijakuletea hata neno moja. Sikukusahau. Mwanzoni mkono ulikataa, kisha macho nayo yakakataa, na habari ya macho hayo ndiyo ninayotaka kukueleza.

Wakati wa mavuno mdogo wako Limi alikuja kunisaidia. Nikatangulia kuchuma katikati ya matuta mawili, kama nilivyozoea nilipokuwa nawe. Baada ya kitambo akaniita: "Shemeji, upande wa kushoto umewawekea mbuzi?" Nikacheka, maana unamjua kwa utani. Nilipogeuza kichwa chote nikaona. Tuta la kulia lilikuwa safi. La kushoto lilikuwa limejaa pamba, kana kwamba hakupita mtu. Nilikuwa nimepita kando yake bila kuliona.

Ndipo nilipokumbuka neno lako la kila msimu: "Tangulia tu, Baba Masanja, mimi nasafisha nyuma." Sijui kama ulijua. Labda ulidhani ni uzembe wa uzee, ukanisitiri. Hata njiani kwenda kanisani ulishika kushoto kwangu siku zote.

Unakumbuka nilipoanza kujikwaa jioni, tulisema ni mtoto wa jicho. Tukakubaliana tungoje ugonjwa ukomae kwanza, kama kaka yangu alivyongoja wake mpaka akapasuliwa, akaona tena. Kumbe hapakuwa na kitu cha kukomaa.

Limi alinipeleka hospitali Bariadi. Daktari, binti mpole, alinipima presha ya macho, kisha akawasha vitaa pembeni mwa uso wangu, nami sikuviona. Akasema: "Mzee wangu, huu si mtoto wa jicho. Hii ni glakoma. Inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, tena haiumi, ndiyo maana hukujua. Kilichopotea hakirudi. Matone haya ni ya kulinda kilichobaki, kila siku, maisha yako yote." Nikamwuliza, kama ningefika mapema? Akaniwekea chupa ya matone mkononi. Kisha akasema kila aliyevuka miaka arobaini angepaswa kupimwa mara kwa mara, hata asipougua chochote.

Jicho la kushoto limekwisha. Kwa la kulia naona kama mtu achunguliaye kupitia shingo ya kibuyu. Niwie radhi, mke wangu, sina habari njema. Nikiitazama picha yako ukutani napata jicho, au kidevu, sikupati mzima. Nilikupoteza kaburini kwa siku moja, na sasa nakupoteza ukutani kidogo kidogo. Nikisali, maneno yananiishia kabla ya Amina.

Lakini linalonikosesha usingizi ni mtoto wetu. Daktari alisema ugonjwa huu hupita katika damu, na Masanja ndiye pekee tuliyebakiwa naye. Nimemwita kutoka Kimali, nimemsihi akapimwe. Ananicheka: "Baba, mimi namtambua ng'ombe wangu akiwa ng'ambo ya mbuga. Macho gani tena?" Nami nilikuwa nikisoma Injili mbele ya waumini wakati jicho langu linakufa. Juzi alipokuja kunitazama aliligonga lango la zizi kwa bega, akalilaumu lango. Mimi nikalikumbuka tuta langu la kushoto.

Pumzika, Mama Masanja. Ninakuahidi kutia matone kila siku kama nilivyoagizwa, ingawa sijui namlindia nani macho haya. Samahani kwa mistari iliyopandana. Huenda hii ikawa barua ya mwisho kuandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

Ataileta Masanja, Jumapili, atakapokuja kupalilia kaburi lako. Maneno yangu hayamwingii, lakini wewe hajawahi kukukatalia. Nimemwomba asimame hapo akusomee kwa sauti, asiruke neno. Akifika kwenye mstari huu, mama, mwambie aende Bariadi.

Mimi mumeo,
Baba Masanja