Shuka la Mama Halirudi Dukani

Tlawi, Jumatano, Julai. Ukungu umelala juu ya mashamba karibu asubuhi yote, na baridi imeniingia mpaka kwenye meno.

Leo nimefua shuka la mama. Naandika hivyo kwanza, ili nisizungukezunguke.

Mama alifariki kabla ya kumwona Theresia, binti yangu niliyempa jina lake. Aliniachia shuka zito la mistari myekundu na myeusi, alilokuwa akijifunika jikoni. Lilikuwa na harufu yake: moshi wa kuni, maziwa, na ile tumbaku aliyodhani hatuijui. Nikilikunjua asubuhi, ni kama ameingia mlangoni.

Ndiyo maana nimekuwa nikienda nalo kazini. Nauza katika duka la pembejeo, na msimu huu wa kuhifadhi mahindi kazi yangu kubwa ni kuchota dawa ya unga ya kuua wadudu kwenye mfuko mkubwa na kuipima kwenye vifuko vidogo. Dukani kuna baridi, najifunika shuka. Mikono nafutia kwenye pindo lake. Jioni nakuta Theresia analia, namfunika kwa shuka lilelile akinyonya.

Sikuwahi kulifikiria jambo hili. Kwetu mtoto hubebwa kwenye nguo ya mama, na nguo ya mama haina ubaya.

Jana kliniki, nesi alimpokea Theresia ili ampime uzito. Akasita, akamnusa kichwani.

"Mama Tere, mbona huyu mtoto ananuka ghala la mahindi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinusa na shuka, akaniuliza nafanya kazi gani.

Nilipomweleza, akasema hiyo dawa ni sumu kwa mtoto. Nikasema basi nitamwachisha ziwa, nimpe maziwa ya ng'ombe.

"Nani amekutuma umwachishe? Nyonyesha. Ubaya ni hilo vumbi unalomletea nyumbani."

Akaniambia niache kupima dawa kipindi hiki, nioge kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto, na nguo za kazi nizifue peke yake. Uzito wa Theresia ni mzuri. Nilipouliza kama kuna kitu kimemwingia, alijibu kwamba kwa kumtazama tu hawezi kujua. Akilegea, akitapika au akipumua kwa shida, nimkimbize kliniki na nitaje ni dawa gani.

Hawezi kujua. Nilirudi na neno hilo njia nzima.

Leo asubuhi nilimwamkia Mzee Fabiano, mwenye duka. Alipoitikia marahaba, nikamwambia sitapima dawa tena mpaka mtoto aache ziwa. Niliogopa ataniambia niende zangu.

"Mama yako alipulizia dawa vitunguu saumu na wewe ukiwa mgongoni," alisema. "Mbona umekua, na mdomo juu?"

Wateja walicheka. Hata mimi nilitabasamu, maana ni kweli, alipulizia.

"Mzee, yeye hakuna aliyemwambia. Mimi nimeambiwa."

Aliusogeza ule mfuko mkubwa kwa mguu mpaka pembeni.

"Haya, kaa kaunta. Tutauza vifuko vilivyofungwa kiwandani. Wateja wa Masieda wakilalamika bei, utawajibu wewe, kwa huo mdomo."

Kumbe hilo ndilo lilikuwa jepesi.

Jioni nilikaa na shuka mapajani. Chini ya harufu ya dawa, kwenye kona moja, mama bado alikuwepo kidogo. Nikataka kulificha sandukuni hivyohivyo. Halafu nikamwona Theresia akilini, amekua, anafungua sanduku la bibi yake na kujifunika.

Nikachota maji.

Povu lilitoka la kahawia. Sijui kipi kilikuwa dawa na kipi kilikuwa moshi wa jiko lake. Maji niliyamwaga shimoni, mbali na kisima, na nikalia bila kujificha.

Sasa limeanikwa uani, linanuka sabuni, kama shuka la mtu yeyote. Nitalifua tena, na mpaka nihakikishe limetakata, halimgusi mtoto. Dukani nitavaa koti kuukuu, nalo litabaki kulekule.

Nimemnyonyesha Theresia nikiwa nimeoga. Alininusa kifuani, akasita kana kwamba amepotea, kisha akalipata ziwa.

Siku moja naye atanikumbuka kwa harufu. Iwe ya moshi na maziwa tu.