Kadi ya Mwisho Mlangoni

12 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia. Huku sote wazima, ila wajukuu zako wanauliza kila siku unakuja lini.

Ndiyo sababu ya barua hii. Ni miezi miwili tangu tumzike Mama, na maisha yangu yote sijawahi kukuona hata ukichemsha maji. Nimekuandalia chumba, kina dirisha kubwa. Mwisho wa Aprili nakuja na gari la mizigo, tufunge nyumba, twende. Tafadhali usianze ubishi wako.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kama chuma. Wasalimie wajukuu, waambie babu hahamishwi kama kabati.

Kula nakula. Sikutaka kukwambia, lakini mama yako ameniaibisha hata akiwa kaburini. Mlipoondoka tu nilifungua kabati la jikoni kutafuta sukari, nikakuta ndani ya mlango kadi zimebandikwa kwa safu, kama zile za darasani kwake: picha moja kwa kila hatua, ili mtoto asiyesoma wala kusema ajue la kufanya. Mwanafunzi akiimudu kazi, anabandua kadi zake na kuzitumbukiza kwenye kapu la Nimemaliza. Na kapu lilikuwepo, limetundikwa pembeni.

Nikachungulia. Mtu anajaza maji sufuriani. Mtu anawasha jiko. Mtu ana upara na kitambi. Nikaona huyo mtu ni mimi.

Mimi niliyeendesha lori lenye tela miaka thelathini na moja, leo nafundishwa kupika chai? Nikala mkate mkavu siku tatu kumkomoa. Siku ya nne njaa ikanishinda, nikazifuata kadi. Chai ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Baba yako

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Unaendeleaje, na mgongo je? Barua yako niliisomea kazini, nikacheka mpaka nikalia, kisha nikaendelea kulia tu.

Kumbe ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya kitandani miezi ile ya ugonjwa, akituambia anaandaa vifaa vya shule. Nilimgombeza apumzike. Akanijibu, "Nina mwanafunzi mmoja mgumu. Nisipomwandalia atafeli."

Unakumbuka alipomfundisha mtoto mmoja kufunga kifungo cha shati kwa miezi mitano? Siku kifungo kilipoingia alirudi akicheza tangu getini, akasahau kabisa kupika. Mimi nilinuna, nikamwambia nafunga vyote peke yangu na hakuna anayenichezea. Kesho yake alisimama mlangoni nikivaa sare, akacheza kwa kila kifungo, vyote sita, mpaka nikachelewa shule.

Lakini jirani kaniambia aliona moshi. Moshi wa nini, Baba?

Binti yako

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kama chuma. Huyo jirani kwa macho yale angefaa kulinda mpaka.

Moshi wenyewe ulikuwa mdogo. Kadi za maharage zilidondoka nilipobamiza mlango, nikazibandika upya harakaharaka, ya kuwasha jiko ikaitangulia ya kutia maji. Nikafuata ratiba kama ilivyo. Mwanafunzi hana kosa.

Hata hivyo sasa nina msimamizi. Unamkumbuka mwanafunzi wa kwanza wa mama yako, yule binti asiyesema? Siku hizi ni mtu mzima, anakunja mashuka kwa dobi, na kila Jumamosi alikuwa akija kumwona mwalimu wake. Bado anakuja. Namwita Bi Mkaguzi. Hupita moja kwa moja jikoni, humwaga kapu mezani na kukagua kadi moja baada ya nyingine. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimejitangazia kwamba kazi ya kuosha sufuria nimeimudu. Akafunua sufuria, akanusa, akairudisha kadi mlangoni. Kisha akasimama mikono kiunoni, vilevile kama mama yako, mpaka nikaisugua. Nimesimamishwa na askari wa barabarani wenye huruma kuliko yeye.

Baba yako

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Huku salama. Mume wangu amesikia habari za Bi Mkaguzi, anaomba tusimlete kwetu.

Nakubali, kupika umejua. Sicho kinachoninyima usingizi. Barua zako zote zinaanza na kuwa mzima kama chuma, hata ile ya kwanza baada ya kumzika Mama. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akituambia Baba anaumwa, Baba ana huzuni leo, msimsumbue. Sasa nani ataniambia? Ningekuwa na njia ya kujua siku umezidiwa, ningekuacha hapo kwa moyo mweupe. Sina. Kwa hiyo nakuja na gari tarehe ishirini na tano.

Binti yako

14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo naomba nisianze na habari za chuma.

Kadi zote zimo kapuni isipokuwa moja. Ilikuwa chini kabisa mlangoni, nami nilikuficha habari yake. Mtu mwenye kitambi ameketi, chozi linamtoka, amenyoosha mkono. Mbele yake yuko mwanamke mwenye mwanya, na vikombe viwili katikati. Mwanya huo ni wako. Darasani, kadi ya namna hiyo ndiyo mtoto aliyokuwa akimpelekea mama yako siku moyo umemjaa na hana maneno. Naye mama yako alikuwa akiacha kila kitu na kukaa naye.

Kila Jumamosi Bi Mkaguzi huibandua na kunitia mkononi. Kila Jumamosi nairudisha, namwambia hiyo si yangu, imechanganyika na za shule. Juzi aliibandua, akanitazama sana, akachukua bahasha yenye anwani yako iliyokuwa mezani, akaitumbukiza humo. Nikangoja aondoke niitoe. Alipoondoka sikuitoa.

Nimemkumbuka mama yako, mwanangu, mpaka kifua kinauma. Asubuhi ndiyo mbaya, maana bado natoa vikombe viwili.

Njoo hiyo tarehe ishirini na tano, ila njoo kwa basi, mizigo hakuna. Chai nitapika mimi. Na kadi uje nayo. Tukimaliza kunywa usiitie kapuni. Ibandike palepale mlangoni, na siku utakayoiona tena kwenye bahasha, utajua.

Baba yako,
yule mwanafunzi mgumu