Macho ya Ndama

Shikamoo dada Zuhura,

Mwanao Neema amelamba stempu sasa hivi, imemganda shavuni, anacheka. Gisenyi kuzuri na sambaza, vile vidagaa vya ziwa la hapa, tunakula kila siku, ila jana nimeharibu.

Wifi yangu, yule mwalimu wa sekondari, alinipeleka darasani kwake. Anawafundisha mashairi ya makabila mbalimbali, akataka niwape lile la bibi yetu. Kabla sijaanza, msichana mmoja akanikaribisha kwa shairi la Kinyarwanda, kisha akanitafsiria: "Mama, we uko na macho ya ndama, unatembea kama ng'ombe."

Dada, nilimbeba Neema nikatoka.

Njiani wifi akaniuliza, "Umekasirika nini? Huku kwetu mwanamke hasifiwi kupita hapo." Kumbe yule binti alinitungia mwenyewe. Aliachwa amesimama mbele ya wenzake, analia. Sikulala vizuri.

Leo narudi kumwomba radhi, na shairi la bibi nimwimbie yeye kwanza. Wifi anaita mlangoni, "Bon, Mama Neema, twende, tutachelewa." Mbusu mama, mwambie nawakumbuka sana, na kama binti atakubali kunisikiliza, basi nitakuandikia tena.